Jina Bichi la Zamarina

Mimi sipendi sinema. Nilimwambia Elijah hivyo siku alipokuja kuniomba ajenge ukumbi wake wa vidio ukiegemea duka langu, na hadi leo sijabadilisha maneno. Lakini Elijah ni mtu wa kukuchekea mpaka ukubali, basi akajenga, na bati moja likawa ukuta wangu na ukuta wake. Duka langu liko Muhuru Bay, juu kidogo ya mwalo ambapo mashua hupakua samaki. Nauza kamba, nyavu, magodoro, sufuria na taa za sola za kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani. Tangu ukumbi ule ufunguliwe, kila kilichosemwa upande wa pili nimekisikia upande huu, nipende nisipende, nikiwa napima kamba za watu. Picha zenyewe sikuwahi kuziona hata moja. Nilisikia sauti tu, na sauti ilikuwa ya Nyamhanga.

Nataka nimweleze huyu Nyamhanga, kwa sababu wageni wakiuliza habari zake watu huwaambia, "Ah, yule mtu wa maiki," halafu wanacheka, basi. Ni zaidi ya hapo. Ni Mkuria wa upande wa Kehancha, mrefu, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua liwake vipi. Alilelewa na shangazi yake kule Musoma, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kila mtu hapa, mimi nikiwemo. Hapa kwetu watu wengi huongea Kijaluo nyumbani. Kiswahili ni cha sokoni na cha kwa chifu, tena wanakikata wanavyotaka. Nyamhanga akisema "naomba uniwie radhi" dukani kwangu, wateja hugeuka kumtazama kana kwamba ameingia na suti.

Ujana wake aliupeleka Masara kuchimba dhahabu. Dhahabu haikumpenda, na yeye hakulipenda shimo. Aliniambia kwamba kila akishushwa kwa kamba alikuwa akijisimulia hadithi kwa sauti ili asisikie moyo wake unavyodunda, na wenzake chini humo wakazoea kumsikiliza. Jumapili moja mtu akaweka filamu ya nchi ya mbali pale kwenye kituo cha biashara, na wachimbaji wakaanza kulalamika kwamba hawaelewi neno. Nyamhanga akasimama akaanza kuwaeleza. Watu walicheka palipofaa kuchekwa, wakanyamaza palipofaa kunyamaziwa. Elijah alikuwa hapo, amekwenda kununua jenereta. Alirudi Muhuru na jenereta pamoja na Nyamhanga.

Kazi yake ni hii. Asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, anaitazama filamu peke yake. Chini ya picha kuna maandishi madogo ya Kiingereza yanayopita haraka. Anayasoma, na yakimshinda anasoma nyuso. Mchana watu wakijaa, anazima sauti ya wenyewe, anashika maiki, anakuwa kila mtu: mzee, mtoto, polisi, mbwa. Majina ya kigeni anayatupa. Ndivyo tulivyompata Kanali Mabati, na ndivyo tulivyompata Mama Pilipili, mama mkwe asiyekuwa na huruma hata kwa kuku.

Na ndivyo tulivyompata Zamarina.

Huyo alikuwa msichana wa tamthilia ndefu ajabu, ya vipande na vipande. Jina lake la asili, kwa maelezo ya Nyamhanga, lilikuwa kama mtu anayepiga chafya huku anakunywa chai. Haliwezekani kusemwa kwenye maiki. Basi akakaa asubuhi nzima akitafuta jina lingine, na mchana nikamsikia anatangaza, "Huyu mnayemwona, mwenye kidoti cheusi juu ya mdomo, anaitwa Zamarina." Nilimuuliza amelitoa wapi. Akasema, "Limekuja lenyewe, Baba Ayesha. Nimefungua mdomo, likatoka."

Zamarina alikuwa muuza mikate aliyeolewa katika nyumba ya matajiri. Mama Pilipili alimtia chumvi kwenye chai, akamfichia viatu, akamsingizia wizi wa mkufu. Zamarina alijibu kwa upole mpaka ukatamani kumtikisa. Mke wangu Asmaa, ambaye alisema kama mimi kwamba hapendi sinema, alisogeza kigoda chake karibu na lile bati "kwa sababu hapo kuna upepo." Wanawake wa omena ndio waliompenda zaidi. Na walikuwa na nafasi: omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mashua hazitoki, meza za kukaushia zinabaki tupu, na wanawake hawana la kufanya mchana ila kuja kulia kwa Elijah. Tamthilia ile ikawa inafuata mwezi. Giza likija, Zamarina anapumzika. Mbalamwezi ikirudi, mateso yanaendelea.

Katika mbalamwezi moja kama hiyo, Risper akajifungua.

Risper ni mke wa mvuvi, na nyumba yao iko nyuma ya ukumbi. Anaishi na mama mkwe wake, Marcella, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe, lakini si Mama Pilipili hata kidogo. Watoto wawili walikuwa wamemtangulia huyu, na wote hawakukaa. Kwa hiyo huyu wa tatu alipozaliwa hakuna aliyepiga vigelegele kwa nguvu. Watu waliongea chini chini kama wanaoogopa kumshtua.

Mtoto akalia. Alilia siku ya kwanza, akalia ya pili, akakataa titi. Muuguzi wa zahanati alimtazama akasema hana ugonjwa. Basi Marcella akafanya wanavyofanya Wajaluo tangu zamani: mtoto akilia hivyo, huenda kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi, na kazi ya wakubwa ni kuyataja majina mpaka mtoto atulie. Nilimsikia kutoka uani kwangu. "Dani Awuor, ni wewe? Nyar Kadem, ni wewe? Haya, shangazi Aloo, ni wewe?" Aliita wazuri, akaita wagomvi, akaita hata mmoja aliyekuwa anamdai kuku mpaka akafa. Mtoto akazidi kulia. Kwetu sisi Waislamu mtoto hupewa jina siku ya saba, mbuzi anachinjwa, yamekwisha. Nilikaa pale nikamhurumia Marcella kwa ukoo wake mkubwa.

Hapo ukumbini Mama Pilipili alikuwa amemsukuma Zamarina kwenye ngazi. Nyamhanga akapaza sauti kwenye spika mpaka mabati yakatetemeka: "Zamarina! Inuka, Zamarina! Usilie tena!"

Mtoto akanyamaza.

Mimi nilisema mtoto amechoka tu. Lakini Marcella hakuwa mtu wa kubahatisha. Alirudia majina ya ukoo, mtoto akaanza kulia. Akasema, kwa sauti ya wasiwasi, "Zamarina?" na mtoto akashika titi. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Marcella akatoka uani, mikono kiunoni, akawaambia majirani, "Amechagua mwenyewe. Mimi ni nani?"

Mtoto akaishi, akanenepa, akaota meno. Basi mji mzima ukataka kuonja. Kabla mwaka haujaisha kulikuwa na Zamarina mwingine kule gatini, na mwingine nyumbani kwa mwalimu, na wachuuzi wa sangara waliokuja kutoka kisiwa cha Remba wakarudi na jina pamoja na samaki. Lynnet wa hoteli alimwita mwanawe Kanali. Muuguzi wa zahanati alinilalamikia kwamba akiita "Mama Zamarina" mlangoni, benchi zima linasimama. Nyamhanga alikuwa anapita sokoni na watoto wanamkimbilia, na yeye ambaye hakujaliwa kuoa wala kuzaa anainama, shati lake limefungwa mpaka kooni, anawasalimu mmoja mmoja kwa jina lile moja. Nilimwona akifurahi. Sijui kama kuna mtu mwingine hapa mjini aliyetoa kitu kutoka mdomoni mwake kikawa watu.

Tamthilia iliisha na harusi ya pili na muziki mwingi. Miaka ikapita. Zamarina wa Risper akafika umri wa kupeleka pesa dukani na kurudi na hadithi badala ya sukari.

Mwaka huu habari zikaja kutoka Migori mjini kwamba tamthilia ina msimu wa pili. Wanawake wakamvamia Elijah, Elijah akamtuma Nyamhanga, Nyamhanga akaenda akarudi na flashi. Asubuhi iliyofuata nilimsikia anaingia ukumbini kuitazama, kama kawaida yake. Alikaa humo mpaka adhuhuri. Alipotoka, nilimsalimia, hakujibu, na Nyamhanga si mtu wa kuacha salamu chini.

Mchana akatangaza flashi imeharibika. Kesho yake akasema koo limekauka. Asmaa akamchemshia tangawizi, akainywa, akashukuru kwa maneno yake marefu, na koo likabaki limekauka. Keshokutwa jenereta ndilo lililokuwa gonjwa. Nilimwambia, "Nyamhanga, njia ya mwongo ni fupi. Jenereta lenu nalisikia linanguruma." Akaniangalia kwa macho ya mtu anayetaka kukopa, akaenda zake.

Ndipo Marcella akaja. Ukumbi ulikuwa mtupu, mimi nilikuwa napanga sufuria, na sauti ya Marcella haijui kunong'ona.

"Wuoda," akamwambia, maana yake mwanangu, "mimi sikuja kwa sinema. Nimekuja juu ya mtoto. Juzi kwa maji wamama wamesema huyo Zamarina wa kwako imerudi. Nikashtuka. Hebu niambie. Hajakufa?"

"Hajafa, Mama," akasema Nyamhanga.

"Kumbe. Mimi nilidhani hadithi ikiisha mtu wake ameisha." Nikasikia benchi linalia, alikuwa ameketi. "Sisi kwa nini tunapatia mtoto jina ya mtu amekufa? Mtu amekufa amemaliza. Kama alikuwa mzuri, ni mzuri, hakuna siku ataamka kuharibu. Mchawi hatuiti, mwuaji hatuiti, tunajua kila mtu mwisho yake. Lakini huyu bado anatembea! Ulinipatia jina bichi, Nyamhanga."

"Sasa niambie iko na mwisho gani. Ikiwa ni mbaya, nitoe hiyo jina mapema, kabla mtoto hajaanza kufuata. Jina inavuta mtu."

Hapo nikasikia sauti nyingine, ndogo. Risper alikuwa amemfuata na kusimama mlangoni. "Mama, usilitoe," akasema. "Tafadhali. Wale wawili walikuwa na majina ya watu wazuri wote, na wakaenda. Huyu amebaki na hili. Ukilitoa, ataenda."

"Na nikiacha, na huyo mwanamke akuwe kitu mbaya?"

"Mimi sijui. Lakini ukilitoa ataenda." Na Risper akaanza kulia, si kwa sauti, ila bati ni jembamba.

Nilibaki na sufuria mkononi. Mimi siamini mambo ya majina kuvuta watu, na nilishasema. Lakini nilimjua Risper alivyokuwa kabla ya mtoto huyu, alivyokuwa akipita mbele ya duka bila kuinua macho, na nikajikuta namwomba Mungu huyo mwanamke wa sinema awe ametulia nyumbani kwake analea.

"Nipeni hadi kesho," Nyamhanga akasema mwishowe. "Kesho mtaona wenyewe. Mje wote."

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya makreti ya soda. Asmaa alivuta kigoda. Mimi nilikuwa na mteja wa nyavu lakini naye akaegemeza sikio. Nyamhanga akashika maiki, akasema kwa ile sauti yake ya chini ambayo huitumia polisi wa filamu wakibisha hodi:

"Ndugu zangu, vueni kofia. Mnaliona jeneza hili. Ndani yake amelala Zamarina wetu. Jana mtoto wa jirani alikuwa anazama mtoni, na Zamarina hakuuliza ni wa nani. Aliingia. Mtoto akapona. Yeye maji yakamchukua."

Hapa hakuna nyumba ambayo ziwa halijachukua mtu wake. Ukumbi wote ulipumua mara moja, halafu wanawake wakaanza kulia. Asmaa alijifunika uso kwa mtandio. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nikainamisha kichwa, nikasema moyoni, kumbe ndicho alichokuwa anakificha, maskini. Alikuwa anabeba msiba peke yake.

Kijana mmoja ukumbini akasema kwa sauti, "Lakini si ndiye huyo hapo nyuma ya jene—"

"Nyamaza, wewe!" Hiyo ilikuwa Marcella. "Huoni tuko matanga?"

"Ndugu yetu ameuliza vyema," akasema Nyamhanga haraka. "Huyo mnayemwona nyuma ya jeneza, mwenye mtandio mweusi, ni pacha wake. Walitenganishwa wakiwa wachanga. Amekuja leo kwa sababu ya mali. Tazameni vizuri mtaona tofauti: huyu hana kidoti."

Sauti ya Marcella ikasema polepole, "Hana."

"Hana," wakasema wanawake wengine.

"Hana!" ukasema ukumbi mzima.

"Anaitwa nani?" mtu akauliza. Nikamsikia Nyamhanga anasita. Mapacha wa kike hapa ni Apiyo na Adongo, na ukumbi ulikuwa na akina Apiyo na akina Adongo wa kutosha. "Huyo," akasema, "jina lake halistahili kusemwa. Tutamwita Yule Mwingine."

Basi Zamarina akaombolezwa. Sisemi uongo. Wanawake walitoka pale wameweka leso kichwani, wakaimba mpaka mwaloni, na Lynnet akapika chai bila kumwuliza mtu chochote. Mvuvi aliyekuwa ametoka Sori akauliza nani amekufa, akaambiwa, akavua kofia. Asubuhi iliyofuata Marcella alimletea Nyamhanga jogoo mwekundu, amefungwa miguu. "Wuoda," nikamsikia anasema, "umemzika vizuri. Sasa jina imeiva." Na Risper alipita mbele ya duka langu amembeba mtoto mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa wa kutembea, akanisalimia kwa mbali, anacheka.

Nami nikaridhika. Jina jema hung'ara gizani, wamesema. Kwa siku kadhaa nilipima kamba huku nasikiliza mabaya ya Yule Mwingine, jinsi anavyotia watu sumu na kuiba hati za nyumba, na kila mara nikawa nasema, "Ama kweli, pacha si pacha wa roho."

Halafu akaja Yassir. Huyu ni mtoto wa dada yangu, anauza simu Migori mjini, na huja kutuona akikumbuka kwamba Asmaa hupika. Tulikuwa tunakunywa chai, na Asmaa, kwa uso wa msiba, akamsimulia habari za Zamarina. Yassir akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

"Mjomba, pacha gani? Hakuna pacha. Mimi nimeiona yote kwa simu. Kwenye jeneza ni yule mzee, baba mkwe. Zamarina mwenyewe ndiye aliyemtilia sumu, na huyo anayetembea nyuma ni yeye. Msimu wa pili wote ni yeye anaua watu. Na kidoti anacho, kikubwa." Akatoa simu anionyeshe.

"Sitaki kuona," nikasema, nikaisukuma.

Sijui nieleze vipi hasira yangu. Mimi kamba yangu ikiandikwa mita ni mita, na watu wakigombana mizani mwaloni huniita mimi niamue kwa sababu hiyo. Na mtu huyu, mwenye "naomba uniwie radhi," amenifanya niinamishe kichwa kwa heshima ya mwuaji! Amewaliza wanawake wazima. Amemfanya mke wangu ashinde njaa nusu siku. Asmaa alinishika mkono, akasema, "Baba Ayesha, acha," nikautoa mkono. Nilivaa kofia yangu, nikazunguka duka, na kwa mara ya kwanza tangu Elijah apige msumari wa kwanza, nikaingia ukumbini.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyabeba mdomoni mpaka mlangoni.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya omena. Kumbe kioo ni shuka jeupe tu, limeshonwa kiraka pembeni. Wanawake walikuwa wamepangana kwenye mabenchi, magamba bado yakiwang'aa mikononi. Marcella katikati, Risper kando yake. Nyamhanga alisimama upande, maiki mkononi. Na kwenye shuka kulikuwa na uso wa mwanamke, mkubwa kuliko mlango wa duka langu, anamimina kitu cha unga kwenye kikombe cha mtu.

Na juu ya mdomo wake kulikuwa na kidoti. Kidoti gani! Kilikuwa kikubwa kama kisahani cha chai. Kipofu angekiona. Mwenye macho haambiwi tazama, na humo ndani kulikuwa na macho zaidi ya mia, ya watu waliomkodolea mwanamke huyu msimu mzima, wanaomjua mpaka kucha. Yalikuwepo hata yale maandishi chini, na vijana wa sekondari walikuwa kwenye makreti ya nyuma. Nikasimama mlangoni na maneno yangu, nikitafuta humo ndani ni nani hasa aliyedanganywa. Nilihesabu kila benchi. Nilijipata mimi peke yangu.

Hapo mtoto akasimama mstari wa mbele, kipande cha mandazi mkononi. Alikuwa Zamarina wa Risper. Kichwa chake kilitia kivuli kwenye kile kikombe cha sumu. Alimtazama yule mwanamke muda mrefu, na watoto hawajui kuona nusu nusu. Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kidoti.

"Dani," akamwuliza bibi yake, Marcella, "huyo ndiye wajina wangu?"

Nyamhanga alifungua mdomo. Nimemsikia akiwa mbwa, nimemsikia akiwa mvua, lakini siku ile hakuwa na neno.

"Hapana!" wakasema wanawake, wote kwa pamoja, na vijana wa nyuma, na Elijah kwenye tiketi. "Huyo hatumjui!"

Mtoto hakuridhika. Akageuka, akatafuta mtu mwingine wa kumwuliza, na aliyekuwa amesimama peke yake mlangoni, kofia kichwani, ni mimi. Yeye huja dukani kwangu kila siku. Anajua kwamba nikisema peremende zimekwisha, zimekwisha kweli.

"Baba Ayesha," akasema, "wewe unamjua?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Hakuna aliyenikonyeza, hakuna aliyeniomba. Risper alikuwa ameshika pindo la gauni la mtoto, amelikunja ngumi, na alikuwa ananitazama kwa macho yale yale aliyokuwa akiyainamisha chini zamani zile.

Nikamtazama yule mwanamke wa kwenye shuka, uso wake, kidoti chake, kikombe chake. Zamarina ninayemjua mimi aliuza mikate, akatiwa chumvi kwenye chai, akaingia mtoni kwa ajili ya mtoto asiye wake. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Simjui, mwanangu," nikasema. "Ndiyo kwanza namwona leo."

Risper akakunjua mkono. Marcella akasogea, akalipiga benchi kando yake kwa kiganja, na mimi ambaye sipendi sinema nikaenda nikaketi. Nyamhanga akakohoa, akainua maiki.

"Zamarina wetu," akasema, "Mungu amlaze pema."

"Amina," tukasema. Mtoto akaketi, akaendelea na mandazi yake.